Kitufe cha Asante

Jumatatu, 3 Juni

Baba hasemi tangu kiharusi kimpige. Akili anayo yote, inaonekana machoni. Kidole kimoja tu cha mkono wa kushoto ndicho kimebaki na nguvu. Akitaka jambo anatutazama, sisi tunabahatisha, yeye anatokwa na machozi. Inaniuma sana.

Basi nimepata wazo. Nitamchorea skrini ya kompyuta yenye vitufe. Anabonyeza, kompyuta inamsemea. Mdogo wangu, fundi simu, akasema wazo zuri, ila nitumie tu vitufe vya kawaida vilivyomo kwenye programu ya kuchorea: MAJI, CHOO, MAUMIVU, NJE. Vya kawaida! Mimi, ninayekula mshahara kwa kuchora skrini za watu! Nitaunda kitufe changu mwenyewe, cha duara, kinachong'aa. Yeye abaki na vioo vyake vilivyopasuka.

Jumatano, 5 Juni

Nimekuja nyumbani na kompyuta ya ofisini, lakini programu haikitambui kitufe changu. Ng'o! Eti kwa kuwa nimekiunda mwenyewe, niweke kiboksi cha kijivu mahali pake, nikipe jina, halafu skrini ikifunguliwa ndipo kitufe chenyewe kitokee. Nimeweka. Nimefungua. Kimetokea! Nikapiga ukelele, Mama akaja mbio na mwiko mkononi, akidhani Baba ametutoka. Ikabidi nimketishe.

Kitasema nini? Siri yangu. Kitasema: "Asante, mwanangu mkubwa." Baba hajawahi kuniambia hivyo hata siku moja. Sifa zote kwa yule fundi simu, kitindamimba wake. Nimejirekodi kwa sauti nzito, kama yake ya zamani. Nikaisikiliza, nikalia.

Nafasi ilibana. Ile NJE niliyoichora jana pale chini pembeni nimeiondoa, kitufe changu kikakaa hapo.

Ijumaa, 7 Juni

Nimehamishia skrini kwenye kompyuta ya nyumbani, nikaiweka kitandani kwa Baba, chumba kimejaa watu. Akabonyeza MAJI. Ikasema! Mama akaangua kilio cha furaha. Mdogo wangu akanikumbatia. Nikamvumilia.

Lakini kitufe changu hakipo! Pamebaki kiboksi cha kijivu, kitupu, bubu. Lahaula! Mchoro nimeuleta, faili la kitufe nimelisahau kwenye ile kompyuta ya ofisini, niliyoirudisha leo. Na ofisi imefungwa hadi Jumatatu. Nikawaambia ni pambo.

Jumamosi, 8 Juni

Baba amekibonyeza kile kiboksi asubuhi nzima. Anabonyeza, anautazama mlango, ananitazama mimi. Dada yangu anayenifuata akauliza anataka nini. Nikamwambia amwache, mzee ana neno lake na mimi. Amehisi! Bila hata kulisikia! Nikamshika mkono, nikamnong'oneza kwamba nimeelewa, asijisumbue. Machozi yakamtoka. Na mimi yakanitoka. Sijawahi kuwa na siku nzuri namna hii na baba yangu.

Jumapili, 9 Juni

Baba amefariki alfajiri. Sina la kuandika.

Jumatano, 12 Juni

Tumeshazika. Viti vya watu tumevirudisha. Nyumba imekuwa kubwa mno.

Mdogo wangu akanifuata jikoni, macho mekundu. Akasema Jumanne ya wiki iliyopita aliukuta mchoro wangu wa karatasi mezani, akaenda kumwonyesha Baba: hapa chini pembeni, mzee, ndipo utakapobonyeza ukitaka tukutoe nje ukaote jua. Macho ya Baba yaling'aa, akacheka upande mmoja wa mdomo. Mdogo wangu akaniuliza NJE ilikwenda wapi. Nikamjibu ni hitilafu ya programu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ijumaa, 14 Juni

Nimefikiri vizuri. Wivu tu ule wa mdogo wangu. Jua gani mzee alilitaka, na mimi nipo pembeni yake?

Faili nimelileta kutoka ofisini. Sasa kitufe kinang'aa kama nilivyotaka. Nikaketi kwenye kitanda kitupu, nikabonyeza. "Asante, mwanangu mkubwa." Safi kabisa! Nikabonyeza tena na tena, hadi Mama akaja mlangoni kuniomba niache. Aliomba kwa mkono. Sauti imemkauka kwa kulia, maskini, hata kunong'ona hawezi.

Nimeanza kumchorea skrini yake. Safari hii kitufe changu kitakuwa kikubwa maradufu. Nafasi imebana kidogo. Nimeondoa MAJI.