Rimoti ya Bi Mwanakhamis

Jumatatu, 11 Novemba

Bahati imebisha hodi! Rimoti ya gari la Bi Mwanakhamis inakata roho. Asubuhi, mbele ya duka lake la vitambaa hapa mtaa wa Dengfeng, Guangzhou, alibonyeza mpaka kidole kikamuuma ndipo milango ikafunguka. Na Alhamisi anakwenda uwanja wa ndege wa Baiyun kumpokea mama yake kutoka Unguja. Hawajaonana tangu azikwe marehemu mumewe. Bibi wa watu haoni vizuri, hajui Kichina, hajapata kupanda ndege.

Bi Mwanakhamis ni mjane mwenye heshima zake. Mimi sina mke. Na mkwe anakuja! Nikamwambia kubadilisha betri ya rimoti ni mchezo kwangu. (Sijapata kumiliki hata pikipiki.)

Athanase akadakia. Huyu Mkongomani wa Bukavu anauza viatu duka la pili, ananukia kama harusi. Akasema yuko fundi wa funguo barabara ya Huanshi Zhonglu, atampelekea yeye. Nikasema fundi wa nini, kitu kidogo hivi! Bi Mwanakhamis akatutazama sote wawili. Ufunguo wenye hiyo rimoti akanipa mimi. Mimi!

Jumanne, 12 Novemba

Nimenunua betri kwenye kibanda cha simu. Laoban, yaani tajiri mwenye kibanda, akataka kuuona ufunguo, nadhani anitilie mwenyewe. Nikaufumbata mfukoni. Anitilie, halafu sifa apate nani?

Nyumbani Haroun, ninayekaa naye chumba, akanishauri nitazame kwanza video. Nikamwambia video ni za watu waoga. Nikachukua kisu cha vitunguu, nikakichomeka kwenye ufa. Hakuna kitu. Nikakaza. Paa! Ganda likapasuka, vipande vikaruka mpaka chini ya jiko. Nikaviokota nikiwa nimepiga magoti. Ndani mlikuwa na kichembe cheusi, kama punje ya wali ulioungua. Uchafu huo. Nikaupuliza.

Betri ikaingia. Gundi kidogo. Nikabonyeza: taa nyekundu ikawaka! Nilimkumbatia Haroun. Hakupenda.

Jumatano, 13 Novemba

Nimeurudisha ufunguo. Gari likalia pii-pii, milango ikafunguka yote. Bi Mwanakhamis akacheka. Sijawahi kumwona akicheka vile. Akasema, "Mungu akuzidishie, Murshid. Huko nyumbani mama hata usingizi hapati, mie ndo nilikuwa naogopa kukwama njiani." Akanifungia sambusa. Athanase akajifanya anapanga viatu.

Jioni Haroun akaniita nione kitu kwenye simu yake. Ile video. Kile kichembe cheusi si uchafu. Ndicho kinachotambuliwa na injini. Bila hicho milango itafunguka lakini gari haliwaki. Tulifagia asubuhi. Takataka zimekwisha kuchukuliwa.

Haroun akasema nimwambie Bi Mwanakhamis sasa hivi, maana ufunguo wa akiba kaka yake amesafiri nao mji wa Yiwu. Nikavaa viatu. Nikafika mpaka mlangoni. Nikaliona moyoni lile cheko lake. Nikavua viatu.

Pengine litawaka.

Alhamisi, 14 Novemba

Halikuwaka.

Mvua inanyesha, Bi Mwanakhamis kavaa buibui jipya, kapaka udi. Milango, pii-pii. Injini, kimya. Nikafungua boneti, nikagusagusa nyaya, nikasema labda petroli. Nikaomba watu wasukume. Wakasukuma, wakalowa. Nikasema labda ni unyevunyevu. Athanase akatazama saa yake, akaondoka bila kuaga. Nikafurahi! Mungu anisamehe, nilifurahi.

Teksi zote zilikuwa na watu. Hapo Haroun akashuka kutoka chumbani na mwavuli wake, akaniuliza mbele ya wote kama bado sijamwambia habari ya kile kichembe.

Bi Mwanakhamis hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Akasema, "Ungeniambia tu jana, Murshid. Ningepanda metro mapema." Akakimbia kituoni na buibui lake jipya, matope mpaka magotini.

Athanase alikuwa amemtangulia kwa metro hiyo hiyo. Inasemekana alimkuta bibi amekaa juu ya sanduku, ameshika pasipoti kwa mikono miwili, analia, anauliza kila mpita njia kama bintiye amemkataa. Athanase akachuchumaa mbele yake akamwambia, "Mama, usilie, mutoto yako iko njiani." Kiswahili kibovu kuliko vyote Guangzhou. Bibi akamshika shingo hakumwachia.

Sambusa bado ziko mezani. Nimeshindwa kuzila.

Jumapili, 17 Novemba

Nimekwenda nyumbani kwa Bi Mwanakhamis kuomba radhi na kapu la machungwa. Mwenyewe alikuwa dukani. Alinifungulia Athanase, kavaa aproni, anakaanga samaki. Mtu wa kuja juzi tu!

Bibi hakunijua. Nikakaa karibu yake, nikasema kwa sauti ya chini kwamba ni mimi niliyemliza uwanjani, na nimejuta toka moyoni. Akatabasamu, akanipigapiga mkono, akasema hajasikia hata neno moja: kifaa chake cha sikio kinapiga mluzi tangu ashuke kwenye ndege. Kesho bintiye atampeleka hospitali.

Maskini, gharama yote hiyo na usumbufu! Nikamwonyesha kwa ishara aniachie mimi. Akakitoa sikioni, akanipa. Nikaaga haraka kabla Athanase hajatoka jikoni.

Ninacho hapa mkononi. Kadude kenyewe kama njugu. Kitanishinda nini?