Mchuzi wa Namba Sabini na Nne

Oleta Pruitt,
Mtaa wa Persimmon,
Corley, Arkansas.
6 Oktoba 2025

Kwa Wajumbe wa Kamati ya Adhabu,
Umoja wa Michezo ya Vyuo vya Mabonde.

Waheshimiwa,

YAH: KUFUTWA KWA USHINDI WA KAMBARE DHIDI YA DUNMORE, NA JIWE LA MUME WANGU

Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba tangu mlipoamka leo hakuna mtu aliyewafutia jambo lolote mlilolifanya jana.

Mimi ni mjane wa miaka sabini na moja. Nilipika katika shule ya msingi ya Corley kwa miaka ishirini na sita, kwa hiyo nimezoea kupokea maagizo ya watu wasiokula chakula chenyewe. Siandiki kwa hasira. Hasira nilikuwa nayo Jumanne iliyopita, nikafua mapazia, ikaisha.

Uamuzi wenu nimeusoma mara mbili, kurasa zote arobaini na moja, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani. Nimeuelewa hivi. Mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, Quintrell Boykin, namba sabini na nne, alilishwa chakula kisichoruhusiwa katika nyumba ya mtu hapa mjini. Kwa hiyo hakustahili kucheza. Kwa hiyo mechi zote tisa ambazo Kambare wa chuo chetu walishinda msimu ule zimefutwa, pamoja na ile ya tarehe 19 Novemba 2022, tulipowafunga Dunmore 17 kwa 16 baada ya miaka thelathini na moja ya kufungwa nao. Chuo kimeagizwa kufunika maandishi yote ya ushindi huo yanayoonekana na umma, kabla ya Ijumaa. Tangi la maji limeshapakwa rangi, na ukuta wa kinyozi pia. Jiwe la kaburi la mume wangu Harlon ni la tatu kwenye orodha.

Jiwe lenyewe linasomeka hivi:

HARLON DALE PRUITT
Alizaliwa 9 Machi 1948
19 Novemba 2022: Kambare 17, Dunmore 16

Sikuandika kwamba alikufa. Mchonga mawe alisema nafasi iliyobaki inatosha kifo au matokeo, si vyote viwili, nami niliona kifo kila mtu anakijua. Mchungaji wetu alipoulizwa kama kanisa linaruhusu jiwe lenye habari isiyo ya kweli, alijibu kwamba tukianza kufuta uongo makaburini tutabaki na majina, na hata majina mengine ana wasiwasi nayo.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mchuzi. Kanuni yenu ya kumi na sita inasema mkazi wa mji anaweza kumpa mchezaji kitafunwa, lakini si mlo. Maelezo ya chini yanafafanua kwamba skonzi tupu ni kitafunwa, na skonzi yenye kitu juu yake kinachohitaji kijiko ni mlo. Yule mnayemwita "Mtu B" ni mimi, na kile kitu kilikuwa mchuzi mzito wa soseji. Bwalo la chuo hufungwa Jumapili baada ya chakula cha mchana. Kijana wa ratili mia tatu na kumi, aliyefiwa na mama yake mwezi Agosti, hawezi kulala na skonzi tupu. Harlon alikaza kiti kimoja cha jikoni kwa vyuma ili kimbebe, na Quintrell akila alikuwa anaosha vyombo vyote, hata visivyo vichafu. Ripoti inasema nilivunja mwiko. Mimi mwiko niliushika tu, nikakoroga.

Mpelelezi wenu, Bw. Nesbitt, alikuja mwezi Februari. Alikalia kiti kilekile. Nilimwekea skonzi na mchuzi, akala nne, na ya mwisho akaifutia sahani. Kisha akatoa kalamu na kuuliza kwa upole, "Mama, skonzi za yule kijana zilikuwa tupu, au zilikuwa kama hizi?"

Nikamwambia zilikuwa kama hizi. Sikulelewa kudanganya mezani. Ningedanganya siku ile, jiwe la mume wangu lingekuwa la kweli mpaka leo.

2. Dunmore. Ukurasa wa ishirini na tisa unasema ushindi wetu umefutwa, lakini kushindwa kwa Dunmore kunabaki pale pale. Naomba kujua, basi, walifungwa na nani. Sina mapenzi na watu wa Dunmore, lakini hata wao wana haki ya kumjua aliyewapiga.

3. Kocha Ragsdale. Ripoti yenu wenyewe inasema alijua kwamba vijana wanashinda na njaa Jumapili, akanyamaza. Sasa yuko chuo kikubwa zaidi, na adhabu yake ni kutazama video ya saa mbili kuhusu uadilifu. Nilimwona kwenye televisheni wiki jana, amenenepa. Katika ukurasa wa thelathini na nane mmetaja pia chuo kingine, ambacho sitakitaja jina kwa kuwa hata ninyi hamkuthubutu, ambako wachezaji kumi na mmoja walionekana na magari mapya kumi na moja. Hicho mmekiomba kijitafakari. Nimejitahidi sana kuelewa kwa nini magari ni jambo la kutafakari na mchuzi ni jambo la kufutwa. Nimefikia kwamba ni kwa sababu gari haliwekwi juu ya skonzi.

4. Vijana wa sasa. Mmewazuia kucheza mechi za mwisho wa mwaka kwa misimu miwili. Mpigaji wetu wa mikwaju, wakati wa kosa, alikuwa na miaka kumi na tano na vyuma vya meno. Hajawahi kuonja mchuzi wangu. Nilitaka kumpelekea, angalau aadhibiwe kwa kitu alichokila, lakini nimeogopa mtamwongezea msimu wa tatu.

5. Mambo mengine ya siku ile. Wakati wa mapumziko, tukiwa nyuma, jirani yangu Wendell Tarver alimwapia Mungu kwamba Kambare wakishinda ataacha tumbaku ya kutafuna. Aliacha miaka karibu mitatu. Jumanne uamuzi wenu uliposomwa redioni, alifungua kopo kabla mtangazaji hajamaliza sentensi. Nilipomkemea, alisema, "Mimi na Mungu tulikuwa na makubaliano, Oleta. Sijavunja kitu. Waulize hao wa Kamati." Mkewe anaomba mjue kwamba anatema kwenye vikombe vyake vya harusi.

Kuna pia mpwa wangu Dwight, aliyempigia magoti Shawna uwanjani kumwomba uchumba baada ya filimbi ya mwisho. Shawna ameniambia wazi kwamba alikuwa amepanga kukataa, ila zile kelele zilimchanganya. Wana mapacha. Kama ushindi haukuwapo, kelele hazikuwapo, na kama kelele hazikuwapo naomba mwongozo wa maandishi kuhusu mapacha, kwa sababu Ijumaa wanaletwa kwangu.

6. Harlon. Hapa nitakwenda polepole.

Alipenda kusema kwamba Quintrell amevaa umri wake mgongoni, kwa kuwa mwaka ule Harlon alikuwa na miaka sabini na minne. Siku ya Dunmore alivaa kofia yake ya kambare yenye ndevu za waya, ambazo zilimchoma kila mtu wa safu ya ishirini na mbili. Zilibaki sekunde arobaini, tukiwa nyuma kwa kumi na sita dhidi ya kumi, na mpira wakiwa nao Dunmore. Wakaudondosha. Quintrell akauinua kama mtu anayeokota kifaranga, akaukumbatia na kuanza kukimbia. Uwanja wote ulicheka kwanza. Halafu tukaona kwamba hakuna anayemfikia.

Harlon alisimama, akaweka mkono begani kwangu, akasema, "Mama, tazama miaka yangu inavyokimbia."

Quintrell akavuka mstari wa mwisho, tukapata pointi sita. Ukapigwa mkwaju wa nyongeza wa pointi moja, mpira ukapita katikati ya nguzo. Harlon akapiga makofi mawili, akaketi. Nilidhani amechoka.

Daktari alisema moyo ule ulikuwa mbovu siku nyingi, ulikuwa unangoja tu sababu kubwa. Sasa sababu hiyo mmeifuta. Mimi si mwanasheria, lakini nimewahi kufuata maelekezo ya mapishi, na najua kwamba ukiondoa hamira huwezi kudai mkate uliumuka. Kama hatukushinda, Harlon hakufurahi. Kama hakufurahi, hakuketi vile. Kwa hiyo mna kitu cha kunirudishia, ama ushindi ama Harlon. Kuchukua vyote viwili ni kutoa adhabu mbili kwa kosa moja, na kanuni yenu ya tisa inakataza. Mkiamua kumrudisha yeye, si lazima aje na kofia.

7. Quintrell. Siku hizi anahudumia wagonjwa hospitalini, na wanaume wazima wanamwomba awabebe. Alinipigia simu Jumanne. Nilijua ni yeye kwa kupumua kwake. Kisha akasema, "Bi Oleta, nimemfutia mzee mechi yake."

Nikamwambia, "Wewe ulikula tu, mwanangu. Aliyekupakulia ni mimi."

Hilo ndilo linalonifikisha kwenye ombi. Haki ni adhabu impate mkosaji, na mkosaji yupo, ana anwani, na yuko nyumbani siku zote isipokuwa Jumatano. Nifungieni mimi. Nakubali kukaa misimu mitatu bila kupika mchuzi wa aina yoyote. Nakubali skonzi zangu zikaguliwe. Nakubali jina langu litajwe kwenye kipaza sauti kabla ya kila mechi, na nitasimama ili watu waone. Na mimi pia nitatazama ile video ya Kocha Ragsdale, saa zote mbili. Ninyi warudishieni Kambare mechi yao, na jiwe la Harlon liachwe liseme alichokiona, kwa sababu mambo aliyosubiri miaka thelathini na moja na kuyaona hayakuwa mengi.

Nawasalimu wajumbe wote, makatibu wenu, na wake na waume zenu. Mnisalimie Bw. Nesbitt, mwambieni skonzi bado zipo, ila aje na mchuzi wake. Wendell anawasalimu pia, sitaandika alivyosema.

Ni mimi, kwa heshima zote,
Oleta Pruitt (Mtu B)

Nyongeza, Alhamisi. Barua hii ilikuwa tayari kwenye bahasha. Asubuhi alikuja Bi Carlene wa ofisi ya kanuni ya chuo, ambaye nilimfundisha shule ya Jumapili, akiwa na rula na utepe mweusi mpana. Alilia kuliko mimi, ikabidi nimshikie ncha ya utepe ili aweze kukata. Alifunika mstari wa tatu wote, pamoja na tarehe, kwa kuwa agizo lenu linasema tarehe ya mechi nayo ifunikwe.

Alipoondoka nilirudi nyuma hatua chache, nikavaa miwani. Jiwe sasa linasema Harlon Dale Pruitt, alizaliwa 9 Machi 1948. Basi. Halisemi kingine chochote.

Nilikaa pale na kiti changu cha kukunja. Asubuhi ya mechi ile Harlon aliitafuta kofia yake nyumba nzima. Mimi nilijua iko juu ya friji, nikanyamaza, kwa sababu akitafuta kitu huwa anapiga mluzi. Kwa uamuzi wenu mchana wa siku ile haukufika, naona bado anaitafuta.

Kwa hiyo nawaomba msiyajali hayo yote niliyoandika hapo juu. Msirudishe kitu. Quintrell nitamweleza mwenyewe, Jumapili anakuja kula. Ila Carlene anasema utepe ule hauvumilii mvua. Kama Kamati inao ulio imara zaidi, naomba mnitumie.