Hotuba ya Kufungua Jumba la Sinema la Maiti

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ameshindwa kufika kutokana na majukumu mazito ya kitaifa, Mwakilishi wa Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye naye amepatwa na dharura njiani, Dereva wa Mwakilishi wa Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye tunaye hapa meza kuu, karibu sana ndugu dereva, usione aibu, hiyo chupa ya maji ni yako, Waheshimiwa Wakuu wa Idara, Vitengo na Vitengo Vidogo vya Vitengo, Kamati ya Maandalizi, Kamati ya Kusimamia Kamati ya Maandalizi, wadau wa tasnia, mama mzazi wa msanii, mke wa msanii, msanii mwenyewe, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Awali ya yote, nimesimama mbele yenu mimi, Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Filamu, Maonyesho na Burudani Zinazofanana na Hizo, nikiwa na furaha isiyo kifani ya kufungua rasmi jumba hili la sinema la kisasa, lililobuniwa kwa mkakati shirikishi, endelevu na jumuishi. Najua wapo wenzetu kule nyuma wanaochomwa na jua. Naomba mtambue kwamba, kwa mujibu wa mchoro, hapo mlipokaa ni roshani ya wageni mashuhuri, yenye viyoyozi, na ninyi akina mama mliosimama karibu na lile dimbwi mpo katikati ya sehemu ya kukatia tiketi. (Akina mama wanasogea.) Msisogee sana, sasa mmeingia vyooni. (Vicheko.)

Jumba hili litabeba jina la msanii huru, na huru, kwa lugha ya kitaalamu, maana yake hajawahi kupata hata senti moja kutoka ofisini kwangu, jambo ambalo tunajivunia, kwa sababu tungempa tungemharibia uhuru wake. Huyu ni mtunzi, mwongozaji na mwigizaji ambaye sote tunamfahamu kwa jina la Maiti. Maiti, hebu simama watu wakuone. (Maiti anasimama, anainamisha kichwa, anakaa. Makofi marefu kuliko ya Mkurugenzi.) Inatosha, inatosha, muda ni mali.

Nimepewa dakika kumi, kwa hiyo nitajitahidi zisizidi arobaini.

Ndugu wananchi, Maiti alilelewa na mama yake, mshonaji, katika chumba kilichokuwa hapahapa tulipokaa, kabla hatujakibomoa kwa ajili ya maendeleo ya mwanawe. (Mama anaguna.) Mama anaguna kwa furaha. Kiwanja hiki mama alikitoa kwa hiari yake mwenyewe, hiari ambayo ilimchukua muda kuielewa, ikabidi tumwelimishe kwa kutumia greda. Sasa, alipokuwa mdogo, Maiti alikuwa akikaa chini ya cherehani akisikiliza wateja wanavyogombana na mama kuhusu gauni lililobana, kama kosa ni la gauni au la mwenye gauni, na wakishaondoka anawaigiza mmoja mmoja, sauti, mwendo na hasira, mpaka mama anashindwa kukanyaga cherehani kwa kucheka. Haya kaniambia mama mwenyewe juzi, alipokuja ofisini kudai, yaani kunisalimia. Alisema, namnukuu: "Huyu mtoto niliona mapema kwamba hataajirika. Nikamwambia, mwanangu, kama kazi imekushinda, basi chekesha kwelikweli, usichekeshe nusunusu."

Nafasi yake ya kwanza katika sinema ilikuwa kuigiza maiti. Ni nafasi ya heshima, haina maneno mengi. Alilazwa kitandani, akafunikwa shuka jeupe, waombolezaji wakalia kwa ustadi mkubwa, na kamera ikawa inasogea taratibu kuelekea usoni kwake. Bahati mbaya shuka lilikuwa na vumbi, na ndugu yetu akapiga chafya. Ilikuwa chafya moja tu, lakini iliyokamilika. Dada aliyeigiza mjane akatoka mbio mpaka barabarani, kiatu kimoja. Mwongozaji akamfokea: "Wewe, hata kufa kunakushinda?" Naye akajibu: "Kufa naweza, bosi. Ni hilo vumbi lenu." Akafukuzwa palepale, hakulipwa, lakini jina akaondoka nalo. (Vicheko.)

Hapo ndipo, badala ya kukata tamaa kama ofisi yangu ilivyotarajia, aliamua kutengeneza filamu zake mwenyewe. Mkewe, ambaye ni msusi mashuhuri, alimwambia, na hapa pia nanukuu: "Baba nanihii, kama hawataki ufe kwao, njoo ufe saluni kwangu. Mchana wateja ni wachache." Wakaazima kamera kwa mpiga picha za harusi, siku za Jumatatu, kwa sababu Jumatatu watu hawaoi. Wateja waliokuwa na vichwa ndani ya mashine za kukaushia nywele wakageuzwa kuwa mahakama. Maiti akaigiza mwizi. Akaigiza na polisi. Mkewe ameshika kamera, chanuo mdomoni; mume anakimbia hadi kwenye kona kama mwizi, anavua fulana, anavaa kofia, anarudi akijikimbiza mwenyewe kama polisi, halafu anaingia saluni akihema na kujihukumu kama hakimu. Hayo, ndugu zangu, ndiyo matumizi bora ya rasilimali watu! Takwimu za ofisi yangu zinaonyesha kwamba mwaka ule ajira katika tasnia iliongezeka kwa asilimia mia mbili, kwani mtu mmoja alianza kufanya kazi ya watatu. (Makofi ya wakuu wa vitengo.)

Baada ya lile zoezi la greda, lazima niseme, ndugu yetu alibadilika. Mkewe anasema aliacha kuchekesha. Alikuwa akikaa mlangoni pa saluni akitazama upande huu, na mama, ambaye alikuwa amehamia humo saluni na cherehani yake, analala kwenye kiti cha kuoshea nywele na shingo inamuuma. Hili mimi nalichukulia kama kipindi chake cha utafiti. Halafu siku moja akaja ofisini kuomba kibali.

Nikamuuliza: "Filamu yako inahusu nini?"

Akasema: "Mheshimiwa, inahusu mama aliyenyang'anywa kiwanja, kila siku anakwenda ofisini kukidai."

"Amenyang'anywa na nani?"

"Na ofisi."

"Ofisi ipi?"

"Ofisi tu, Mheshimiwa."

Nikaona hapa kijana anahitaji mwongozo. Nikamwambia, tena kwa upole wa mzazi: "Ofisi hainyang'anyi. Toa ofisi, weka msitu. Toa mkurugenzi, weka simba. Hapo nakupa kibali." Akanitazama muda mrefu, nadhani kwa shukrani, akasema: "Simba anaweza kuvaa tai?" Nikasema sanaa haina mipaka. Nikampigia muhuri.

Kwa hiyo ile filamu ya simba, ndugu wananchi, ile iliyokwenda kuonyeshwa ng'ambo na kurudi na tuzo, ile ni konsepti yangu! (Vicheko.) Mama akashona vazi la simba kwa mapazia ya zamani na manyoya ya zulia la mlangoni. Maiti akalivaa, akakaa nyuma ya meza. Mama mwenyewe akawa swala mzee, anayekuja kila asubuhi kudai kichaka chake, na simba anamwambia: "Njoo kesho." Na ule ufundi wa simba kusukuma miwani kwa kidole kidogo kila anapotaka kusema njoo kesho, sijui aliutoa wapi, ni ubunifu wa hali ya juu. (Mkurugenzi anasukuma miwani yake kwa kidole kidogo. Vicheko virefu.) Sijui mnacheka nini.

Niliitazama filamu ile katika ukumbi wa harusi, nimesimama, kwa sababu viti vilijaa. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Lakini kuna mahali walinyamaza. Ni pale swala anapovua kilemba chake na kumwambia simba: "Baba, mimi sina haja ya msitu wako. Nataka pale nilipokuwa nalala." Hata mimi machozi yalinilenga. Yule simba ana roho mbaya sana! (Vicheko, mtu mmoja anaanguka kutoka kwenye kiti.) Msaidieni huyo. Na tangu siku ile kila nikishuka kwenye gari watu wananiita Simba, Simba, nami nimeipokea heshima hiyo kwa unyenyekevu.

Ndiyo maana leo ofisi yangu imeona si vyema msanii wa kiwango hiki aendelee kuonyesha filamu zake saluni, watazamaji wakinyunyiziwa dawa ya nywele. Tumefanya semina elekezi. Tumefanya ziara ya mafunzo, mimi, mke wangu na shemeji yangu, kwenye nchi zenye majumba ya sinema, na tumethibitisha kwamba yapo. Kwa hiyo hapa patakuwa na skrini kubwa kuliko nia yetu, yaani kama nia yetu. Patakuwa na lifti, ingawa jengo ni la ghorofa moja. Na maji yatatoka bombani kwa awamu. Nikisema "Filamu!" mseme "Maendeleo!" Filamu! ("Maendeleo.") Sijasikia. Filamu! ("Maendeleo!") Simba! ("Njoo kesho!") Hapana, hilo halimo kwenye ratiba.

Naomba sasa nihitimishe kwa shukrani. Namshukuru mkandarasi, ambaye bado hatujampata. Namshukuru fundi aliyechora kibao hiki kizuri. Naishukuru hazina, ambayo imenihakikishia kwamba fedha za ujenzi zipo, zimetengwa, zinasubiri, isipokuwa zimo katika Fungu la Kuwaenzi Wasanii Waliotangulia Mbele ya Haki, na kwa mujibu wa kanuni fungu hilo halifunguliwi wakati mhusika bado anahema. Maiti, ndugu yangu, afya ikoje? ("Njema, Mheshimiwa.") Hata kikohozi? ("Hata kikohozi.") Sawa. Hatukuharakishi.

(Mama anasimama: "Kwa hiyo hakuna jengo?")

Mama, jengo lipo katika ngazi ya fikra.

("Na kiwanja changu kipo ngazi gani?")

Mama, hilo ni suala mtambuka. Karibu ofisini, tutazungumza. Naomba makofi kwa mama. (Kimya.) Nimesema makofi. (Dereva wa Mwakilishi anaondoa mikono yake mezani na kuikunja kifuani.) Jamani, msikae hivyo, leo ni siku ya sherehe. Nyote mmenikodolea macho, hata Kamati ya Maandalizi? Haya. Haya, sikilizeni. Kwa kuwa ofisi yangu ni sikivu, na kwa kuwa ujenzi hauwezi kuanza mpaka huyu ndugu, mpaka muda mwafaka, natamka kwamba mama achukue kiwanja chake. (Makofi, vigelegele, viti vinapigwa chini.) Ahsanteni! Naona sasa mmechangamka! Ahsanteni sana!

(Maiti anafika mbele na kamera begani. Mkewe anamwinulia Mkurugenzi kipaza sauti. Maiti anasema: "Samahani, Mheshimiwa. Hapo mwisho makelele yamefunika sauti yako. Naomba urudie, taratibu, ukitazama huku. Na utaje cheo chako chote, maana ndicho kinachopendeza.")

Chote? Bila shaka. Subiri niweke tai sawa. Mimi, Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Filamu, Maonyesho na Burudani Zinazofanana na Hizo, nikiwa na akili zangu timamu, natamka mbele ya umma huu kwamba kiwanja hiki ni mali ya mama huyu mshonaji, leo na siku zote, na hakuna mtu wa ofisi yangu atakayekigusa.

("Safi sana," anasema Maiti. "Moja zaidi kwa usalama, na huo mkono uuweke begani kwa mama.")

Hivi? Begani hivi? Mama, sogea kidogo, unanizibia mwanga.