Idara ya Sanduku Moja la Posta

Kuna mlio mmoja ambao nimetembea nao mwezi mzima: kijimlango cha bati cha sanduku letu pale posta, kikijifunga. Ukiwa na barua mkononi unakifunga taratibu, kama mlango wa chumba alimolala mgeni. Ukikosa barua kinakuponyoka chenyewe, ta!, na foleni nzima ya stempu inageuka kumtazama aliyekosa. Nimetazamwa vya kutosha. Kwa hiyo nimeona niitishe mkutano mkuu humu kichwani mwangu, mahali pekee ambapo wajumbe hawawezi kuondoka kabla sijamaliza.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kikao, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Barua za Kimataifa, Makao Makuu, Mwanga, Kigoma, ambaye kwa bahati njema ni mimi pia. Ndugu Mtunza Ufunguo, nafasi ninayoikaimu tangu baba yangu, marehemu Mzee Athumani, alipoaga dunia na kuniachia sanduku moja la posta. Shangazi Ashura, fundi cherehani, ambaye baraza lake ndiyo Makao Makuu yenyewe. Mzee Leonardi, mpanga barua mstaafu, unayekunywa kahawa jirani yetu na kusikia yote. Ndugu zetu wakimbizi mliotoka kambini kwa vibali vya siku moja. Viti vinne, kimoja kibovu. Mabibi na mabwana, aliyesahaulika ajihesabu ametajwa. (Makofi. Kiti kibovu kinalia.)

Ndugu wajumbe, historia ya Idara yetu ni fupi, nami nitairefusha kadiri ya uwezo wangu. (Kicheko.) Kama mnavyofahamu, mtu aliyevuka mpaka na sufuria kichwani hana anwani, na ndugu yake aliyefika ng'ambo hawezi kumwandikia bila anwani, na huku kwetu anwani maana yake ni S.L.P., basi, si namba ya nyumba, kwa kuwa nyumba zetu hazina namba, wala si jina la mtaa, kwa kuwa mtaa wetu tunauita kwa jina la mwenye mashine ya kusaga. Marehemu baba alilitatua tatizo hili bila semina wala kamati. Aliwaambia, "Andikeni kwa kupitia Athumani." Barua zikija akaziweka kwenye kopo la biskuti, wenyewe wakija wakachukua, wakanywa maji, wakaenda zao. Miaka na miaka hakuna aliyelalamika. Lakini mimi nilipohitimu kidato cha sita, daraja la pili, na cheti changu kikatundikwa ndani ya fremu juu ya cherehani ya Shangazi, nilibaini kwa masikitiko makubwa kwamba mfumo ule ulikosa dira, ulikosa mikakati, ulikosa takwimu, na zaidi ya yote ulikosa Mkurugenzi. (Makofi ya muda mrefu, yote ya Mkurugenzi.)

Ndipo nikaanzisha Idara. Chini ya uongozi wangu imara na shirikishi, kopo la biskuti likapandishwa cheo na kuwa Rejista Kuu. Kibao kikaandikwa kwa rangi ya kijani na kutundikwa barazani. Saa za kazi zikapangwa, pamoja na saa ya mapumziko ya Mkurugenzi, ingawa Mkurugenzi hakuwa amechoka. Na maji ya kunywa yakafutwa, kwa sababu yalikuwa yanalowanisha nyaraka. Katika kipindi cha miezi sita, asilimia mia moja ya barua zilizotufikia zilitufikia, rekodi ambayo haijawahi kuvunjwa na idara yoyote katika ukanda mzima wa Ziwa Tanganyika.

(Shangazi Ashura, akiwa na pini mdomoni: "Na ambazo hazikufika je?")

Swali zuri, Shangazi. Ambazo hazikufika hazimo kwenye takwimu, kwa sababu hazikufika.

(Shangazi: "Mtoto kasoma huyu!" Kicheko kutoka upande wa kahawa.)

Sasa, ndugu wajumbe, niingie kwenye projekti yetu kubwa, ambayo ndiyo hasa iliyotukutanisha. Wote mnamfahamu Bi Honorata, yule mama wa Kirundi mrefu anayekuja kila Alhamisi na lori la kambini kuuza mikeka yake sokoni. Binti yake, Marcelina, alichukuliwa na dada yake Honorata siku zile za kukimbia, akiwa na miaka saba. Wao wakafika Kanada, mama akafika kwetu. Marcelina sasa ana miaka kumi na mitatu. Mwaka huu dada amepata haki ya kumdhamini Honorata awafuate, na watu wa usaili watafika kambini siku moja tu, Jumatatu ya mwisho ya mwezi huu. Honorata akiwa na fomu ya udhamini siku hiyo, fomu yenyewe, si nakala, yenye sahihi ya dada yake, jina lake linaitwa. Asipokuwa nayo, jina linasogezwa mwaka kesho, na mwaka kesho huko kambini hakuna anayeuapia.

Honorata alinijia na swali jepesi. Huwa ananiita Mwalimu, nami sijawahi kufundisha hata siku moja, wala sijawahi kumsahihisha.

"Mwalimu, dada anauliza aitume kwa stempu kama siku zote, ama?"

Wajumbe, mtu wa kawaida angejibu, "Kama siku zote." Lakini mbele yake hakuwa amesimama mtu wa kawaida. (Makofi.) Nilimweleza kwa takribani nusu saa kuhusu udhaifu wa kimuundo wa posta za umma, kuhusu sekta binafsi, kuhusu ufanisi na utandawazi, na kuhusu kampuni za ekspresi ambazo bahasha zake ni za rangi na husafiri kwa ndege kama mawaziri. Yote hayo niliyasoma kwenye gazeti moja lililokuwa limefungia vitumbua. Nikamwandikia mwenyewe anwani ya kumpelekea dada: jina lake, kwa kupitia jina langu, halafu S.L.P. yetu, Kigoma, Tanzania, kwa herufi kubwa, nikapigia mstari mara mbili.

Mzee Leonardi alikuwa jirani na kikombe chake.

"Nasra, mwanangu," akasema, "hao wa bahasha za rangi hawatii kitu sandukuni. Wao wanataka mlango na mtu."

"Shikamoo, Mzee," nikamjibu.

"Ulishaniamkia asubuhi."

"Mzee, dunia imebadilika."

"Imebadilika, lakini mlango wako hauna namba."

Nilicheka kwa upole, kicheko kile ambacho viongozi hukitumia kwa wazee waliostaafu, nikaendelea na majukumu ya kitaifa.

Bahasha ya rangi iliondoka Kanada na kuahidiwa siku tano. Siku ya tano nilikwenda posta. Ta! Siku ya sita, ta! Alhamisi Honorata akaja, nami nikamwambia kwamba ucheleweshaji uko ndani ya viwango vinavyokubalika kimataifa. Alhamisi iliyofuata sanduku halikuwa tupu. Ilikuwamo kadi ya Marcelina, ya stempu ya kawaida, yenye picha ya bata wa majini, iliyotumwa siku ileile ya bahasha na kutambaa siku kumi na tisa kwa miguu yake. Nilimsomea Honorata pale barazani. Mtoto aliandika kwa Kifaransa cha shule, nami nilikisoma sekondari, kwamba Kirundi kinamtoka kidogo kidogo lakini anajitahidi, kwamba amepima urefu na sasa anafika begani kwa mama yake mkubwa, na mwishoni: Mama, umeipata ile bahasha ya haraka?

Honorata aliigeuza kadi, akamtazama yule bata, akaigeuza tena.

"Hii ya polepole imefika," akasema. "Ile ya haraka iko wapi, Mwalimu?"

(Cherehani ya Shangazi inasimama.)

Ni hapo, ndugu wajumbe, katika saa ile ngumu, Mkurugenzi wenu alipodhihirisha ukomavu wake. Sikutetereka. Nilimtangazia kwamba suala lake limekwisha kupokelewa na Kitengo cha Ufuatiliaji wa Vifurushi vya Kimataifa. Nikamfafanulia kwamba Kitengo hiki kina koordineta, kina wataalamu wawili waliobobea, na kina mawasiliano ya moja kwa moja na Dar es Salaam, Nairobi na Brussels. Kwamba simu tatu zimeshapigwa. Na kwamba kila Alhamisi atakuwa anasomewa taarifa ya maendeleo. Nami niliisoma kwa uaminifu. Wiki ya kwanza ya Kitengo, kifurushi kilikuwa kwenye hatua ya uhakiki. Ya pili, kilikuwa kimehakikiwa na kinasubiri uhakiki wa uhakiki. (Makofi. Mjumbe mmoja anasinzia.) Honorata alisikiliza taarifa zote mbili amesimama, mikeka kichwani, kama mtu anayesikiliza kuitwa kwa majina.

Kwa hiyo, wajumbe, tusonge mbele bila kugeuka nyuma, hasa nyuma. Nikisema "Barua za kimataifa!" ninyi mseme "Zinafika!" Barua za kimataifa! (Wachache: "Zinafika.") Bahasha ya rangi! (Mzee Leonardi peke yake: "Ina mlango?") Idara oyee! (Kiti kibovu: oyee.)

Kabla sijashuka jukwaani, napenda kutoa shukrani zangu za dhati, kutoka sakafu ya moyo wangu, kwa watumishi wote wa Kitengo cha Ufuatiliaji: kwa koordineta, ambaye hayupo; kwa wataalamu wawili waliobobea, ambao hawajazaliwa; na kwa zile simu tatu, ambazo hazikupigwa, kwa sababu niliogopa kwamba Dar wangenijibu lilelile alilolisema Mzee Leonardi, na ningesimama kwenye kibanda cha simu hapa Mwanga nikiwa sijui kitu, na cheti changu kwenye fremu. Kitengo hakijawahi kuwepo. Nilikitunga kwa muda wa pumzi moja, kwa sababu mama mmoja aliniuliza swali nami sikuwa na jibu, na sijui tangu lini nilianza kuona haya zaidi ya kuona watu. (Hakuna makofi.)

Alhamisi hii Honorata alikuja kusikiliza taarifa ya tatu. Nilimkalisha kwenye kiti kizima.

"Hakuna Kitengo," nikamwambia.

"Kimefungwa?"

"Hakijawahi kuwepo. Sijapiga simu hata moja."

Alishusha mikeka, akaiegemeza ukutani, akaipanga vizuri isianguke.

"Na zile taarifa ulizonisomea?"

"Nilizitunga."

"Yoo. Nilikuwa nawasomea wenzangu kambini, kwa kichwa. Walizipenda. Walisema sasa kuna mtu anashughulika."

Shangazi Ashura aliniangalia kwa jicho ambalo sitaliingiza kwenye kumbukumbu za kikao. Honorata akasimama.

"Simu iko wapi?"

Tulikwenda wote wawili. Ilichukua dakika nne. Karani wa kampuni ya ekspresi, huko Dar, alikuwa na sauti ya mtu mwenye mafua. Alisema bahasha ipo, imekaa pale siku thelathini na tatu; siku ya arobaini inarudi Kanada.

"Mbona hamkuileta?" nikauliza.

"Dada, umetuandikia sanduku. Sisi tunakabidhi mtu, anasaini. Sanduku litasaini vipi? Na simu hamkuandika."

"Mnaweza kuileta sasa?"

"Mtaa gani, nyumba namba ngapi?"

Nilimtazama Honorata. Alikuwa ameegemeza sikio kwenye upande wa pili wa mkono wa simu, karibu kabisa na shavu langu.

"Basi aje mwenyewe," karani akasema, "au amtume mtu mwenye barua yake na nakala ya kitambulisho."

Mwenyewe haruhusiwi kwenda mbali na kambi, kibali chake huishia jioni. Tukarudi barazani, akaandika barua kwa mkono wake, polepole, mistari mitatu, akatia sahihi, akanipa na nakala ya kadi yake ya mgawo wa chakula, kitambulisho pekee alicho nacho. Nilianza kumweleza jinsi ambavyo nitalifikisha suala hili kwenye ngazi ya juu. Akaniwekea kiganja begani.

"Genda, nenda tu, Mwalimu. Ukifika usiwahutubie. Taja jina langu, chukua, urudi."

"Sawa."

"Sema ego, ndiyo ya kwetu."

"Ego," nikasema.

Treni ya Ijumaa niliipanda, zikiwa zimebaki siku kumi kabla ya usaili. Sasa ni Jumamosi asubuhi, tumesimama Tabora, wauza asali wanagonga madirisha ya daraja la tatu, na mama niliyekaa naye ananiuliza kama naumwa, maana midomo yangu inatembea tangu alfajiri. Hotuba nimeitoa yote humu ndani, mpaka tone la mwisho, ili keshokutwa nikisimama mbele ya kaunta yao nisiwe na kitu kingine cha kusema isipokuwa Honorata Niyonkuru.