Kitanda cha Chini ya Dirisha

Jumatatu, 6 Mei

Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa chumba cha ramani. Ramani ya mlima itachapishwa upya. Maelezo yote yaliyo pembezoni mwake sharti yathibitishwe kwa macho ya mtumishi, la sivyo yafutwe. Watumishi sita watapanda Jumamosi na kulala katika kibanda cha juu. Jumatatu ijayo karatasi zinakwenda mtamboni.

Maelezo namba kumi na nne ni yangu. Niliyaandika miaka kumi na tisa iliyopita, kwa wino mweusi: “Aliyelala chini ya dirisha la kibanda huliona jua likichomoza bila kuinua kichwa.” Sijawahi kufika huko. Niliyapata kwa hesabu: pembe ya ukuta, kimo cha kitanda, mwezi wa mwaka. Sina shaka nayo. Hata hivyo, kwa miaka kumi na tisa nimeliona jua lile kila nifumbapo macho. Ingekuwa vyema nilione mara moja nikiwa nimeyafumbua.

Shemeji, kaka wa mke wangu, mpimaji wa ardhi katika ofisi hii hii (balaa gani!), ametangaza mbele ya watu kwamba dirisha lile linatazama choo. Wamecheka. Yeye pia hajafika. Anasema amesikia.

Nimejiandikisha wa kwanza. Yeye wa pili, kwa kalamu yangu.

Jumanne, 7 Mei

Kiongozi wa msafara ni mkutubi wetu, mwanamama mnyoofu asiyerudia neno. Nimemwomba kitanda cha chini ya dirisha. Amejibu kwamba si cha kuombwa. Ubao wa dirisha umelegea bawaba na hugonga ukuta usiku kucha. Aliyelala pale mwaka jana alishuka mlimani akizungumza peke yake. Kwa hiyo kitanda atapewa mwenye usingizi mzito kuliko wote.

Shemeji alidakia papo hapo kwamba yeye akilala ni gogo, na asiyeamini amuulize mama yake. Mama yake ndiye mama mkwe wangu. Anaishi kwangu. Shahidi gani huyo!

Nimejibu kwa maandishi, ukurasa mmoja na nusu, nikipendekeza mtihani wa usingizi: Ijumaa, saa ya mapumziko, sakafuni maktabani, mbele ya mashahidi. Nilimsomea mkutubi, akakubali nilipofika aya ya pili. Akasema haya bwana, ilimradi nisimsomee iliyobaki.

Kuna jambo ambalo barua ile haikulitaja. Mimi huamka jirani akifunua gazeti.

Jumatano, 8 Mei

Mazoezi. Kwa mujibu wa mchoro wangu, kitanda cha kibandani kina upana wa sentimita sitini na tano. Sina ubao wa kiasi hicho. Nimetumia ubao wa kupigia pasi, nikauweka juu ya viti viwili pale roshani. Mfuko wa kulalia, soksi jozi mbili, kofia ya sufu. Saa kumi jioni, jua kali. Mke wangu nilimpa sufuria na mwiko, nikamwelekeza agonge kila baada ya nusu dakika, bila chuki.

Alipogonga mara ya kwanza nilianguka. Mara ya pili nilianguka na kiti. Mke wangu aliuliza, kwa upole ambao siupendi, kama huko mlimani nako sakafu iko karibu hivi. Mama mkwe alitoa kichwa mlangoni na kutaka kujua mkwewe anaogeshwa au anapigwa. Nikamweleza kwamba ni utafiti. Alisema mwanawe wa kiume hulala bila utafiti wowote, tangu akiwa na siku saba.

Niliyaandika maneno hayo kama ushahidi. Kisha nikayafuta. Hayana vipimo.

Alhamisi, 9 Mei

Ufumbuzi! Nta ya nyuki, pamba, na juu yake kofia ya sufu iliyoshushwa hadi kidevuni. Niliviringisha vizibo viwili vya ukubwa wa punje ya mahindi. Dunia ikaondoka.

Sijui nieleze vipi nilichokiona. Mistari ya kontua, ile ya kuonyesha vimo vya mlima, niliyoichora kwa miaka yote na ambayo mikononi mwangu ilikuwa migumu kama waya, ililegea ikawa nyasi. Nikapanda juu yake bila viatu. Kila mstari ulikuwa na ubaridi wake. Kibanda kilikuwa pale, mraba mweusi mdogo. Nilipoukaribia ukafunguka, ukawa na mlango, na ndani yake ukungu umekaa kitandani kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Nikampisha. Dirishani palianza kuwa na rangi ya chungwa.

Niliamka giza limeshaingia. Mke wangu anasema amegonga sufuria hadi majirani wakapeleka ujumbe. Sufuria imebonyea. Nimeridhika sana.

Ijumaa, 10 Mei

Sikutaka kutegemea kipaji peke yake. Nilimpelekea shemeji kahawa nusu saa kabla ya mtihani, nzito kama wino, nikamwambia ni ishara ya undugu. Aliguswa. Alikunywa yote akasema, “Shemeji, leo umenipenda kweli.”

Tulilala sakafuni kati ya rafu za atlasi. Mkutubi alidondosha kamusi, akaburuta ngazi, akapiga ukuta kwa kitako cha ufagio. Haya nasimuliwa. Shemeji alikuwa macho mang’aavu, vidole vya miguu vinacheza, anawatania waliosimama. Mimi sikutikisika. Mapumziko yakaisha. Mkurugenzi akaleta wageni wawili kuona maktaba, wakaniruka. Mkutubi aliwaambia kwamba mimi ni wa idara ya ramani, na wageni wakaridhika na jibu hilo.

Kitanda ni changu! Jina langu limeandikwa kwa wino.

Mkoba uko tayari: kilo nane na robo, kila kitu na mahali pake. Gari litatupitia saa kumi na moja alfajiri. Shemeji atakuwa amekwisha kupakiwa. Nimekwisha kujilaza roshani, na nta, ili mwili usipoteze mazoea katika saa za mwisho. Kesho kutwa, jua langu.

Jumamosi, 11 Mei. Saa nne asubuhi.

Waliniacha.

Naandika kwa utulivu. Mke wangu anaeleza hivi. Gari lilipiga honi mara tatu. Yeye alinitikisa bega, akanivuta kofia, akaniita kwa majina yangu yote, hata lile la uchumba. Mama mkwe alileta sufuria. Shemeji alipanda ngazi mbio, akanivuta mguu, akanisihi niamke, akanishika mikono kama mtu anayetaka kumwinua mgonjwa. Hatimaye alipanda mkutubi mwenyewe. Alinitazama kitambo, akasema: “Huyu kitanda amekistahili. Ila kumbeba hatuwezi.” Wakaondoka.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeshafika. Nililala chini ya dirisha. Watu walikuwa wakinong’ona mbali, chini sana bondeni, na nikawahurumia kwa kuwa huko chini.

Mlima unaonekana kutoka roshani. Leo hauna wingu hata moja. Ningependelea uwe nalo.

Jumatatu, 13 Mei

Shemeji amenifuata mezani kwangu, macho mekundu kama pilipili. Kitanda alipewa yeye. Ubao wa dirisha uligonga usiku kucha na hakupata hata lepe la usingizi. Alilala chali, akilaani bawaba, mpaka kukaanza kupambazuka. Hapo jua likatokea penye bega la mlima, likaja moja kwa moja hadi usoni pake. Hakuinua kichwa. Alinong’ona kwamba nilikuwa sahihi, na kwamba alitoa machozi kidogo, nisimwambie mama. Akasema alitamani ningekuwepo. Nadhani alimaanisha hivyo. Sikujua niweke wapi mikono yangu.

Maelezo namba kumi na nne yamekwenda mtamboni yakiwa kamili, na jina la shahidi chini yake. Jina lake. Nilimpa pole kwa kukosa usingizi. Mtu asiye na maandalizi hupatwa na hayo.

Kabla hajatoka alicheka, akakumbuka kwamba alfajiri ile, aliponivuta mguu, nilimwambia “asante.”

Nimelitafakari mchana kutwa. Kumbe kasoro ni hiyo! Mtu aliyelala sawasawa hashukuru. Usingizi wangu bado ni mwepesi mno. Msafara mwingine ni mwezi wa kumi na moja, nimekwisha kujiandikisha. Jioni hii naanza upya, nta mara mbili.