Debe la Naliaka na Udi wa Mishi

Jumatatu, 4 Machi 1974
Nairobi nzima hakuna mwenye bahati kama mimi, Athman wa Woodley. Leo msomi wa chuo kikuu amepanda ngazi hadi meza yetu ya udalali River Road akaniulizia mimi. Kwa jina! Anaitwa Naliaka, msichana wa Bungoma, amepanga chumba kwa jirani yangu Mama Peres. Anasomea shahada ya pili, na utafiti wake ni lile tope linalobaki majitaka ya mji yakishasafishwa. Analikausha, analichanganya na maranda, analigeuza kwa koleo miezi na miezi mpaka linakuwa mbolea isiyomdhuru mtu. Mimi nilidhani ukivuta mnyororo wa choo mambo yamekwisha. Kumbe yana shahada!

Anatafuta kampuni impe kipande cha shamba ajaribie. Profesa amempa mpaka mwisho wa wiki. Akikosa, utafiti unafungwa, anarudi kwao mikono mitupu. Nikamwambia alale usingizi. Kampuni zote za mji huu ziko kiganjani mwangu.

Jumanne, 5 Machi
Iliyoko kiganjani ni moja. Ya Bwana Kivuva, mwenye vitalu vya maua na miche ya kahawa Kangemi na ofisi Government Road. Nimekaa kwenye benchi la karani wake mpaka suruali ikashika alama. Alipotoka kwenda kula nikamfuata kwenye ngazi nikisema. Kufika chini alikuwa amekubali: Alhamisi tumletee debe moja alinuse. Makaratasi hayataki, anaamini pua yake. Nani mwingine mjini angefanya mkutano kwenye ngazi?

Tobias, dalali mwenzangu tunayegawana meza, anasema zamani nilitafutia watu nyumba, sasa natafutia choo kazi. Wivu mtupu.

Jumatano, 6 Machi
Naliaka ameniachia debe nyumbani, kwani kesho atatoka maabara moja kwa moja hadi kwa Bwana Kivuva. Ameomba jambo moja tu, nisiliguse. Nimelifungua kidogo. Linanuka udongo uliopata mvua. Udongo! Heshima iko wapi? Sisi watu wa Mombasa hatupeleki kitu ukweni bila kukifukiza, na hii ni posa hasa, chuo kikuu kinamposa Bwana Kivuva. Nikawasha chetezo. Nikafukiza mbolea kwa udi wa mke wangu Mishi, ule aliouwekea harusi ya mdogo wake Khamisa. Kisha marashi ya mawaridi, chupa nzima. Kazi safi.

Mishi aliingia akiuliza nani anaolewa. Nikamwonyesha debe.

“Baba Twahir,” akasema, “umekifukiza choo?”

Amehamia chumba cha mtoto.

Alhamisi, 7 Machi
Bwana Kivuva alifungua debe, akaingiza pua. Akanusa tena. Akafunika. Akamwambia Naliaka kwamba yeye amekua akigeuza samadi huko Machakos, na mtu anayetia manukato kwenye mbolea ana uvundo anaouficha.

“Mbolea ikiiva inanuka udongo, mama. Hii yako inanukia harusi.”

Nikaeleza kwa fahari kwamba ule ni udi wa kweli, si wa dukani. Nadhani hapo ndipo palipoharibika.

Naliaka hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kwenye ngazi alisema taratibu, “Mzee Athman, ile harufu ya udongo nimeitafuta mwaka mzima.” Akashuka na debe lake. Jioni Mama Peres ananiambia msichana ameanza kufunga sanduku. Chakula nilikiacha sahanini, na kilikuwa wali wa nazi.

Ijumaa, 8 Machi
Asubuhi nimemsubiri Bwana Kivuva kwenye ngazi zake, chetezo mkono mmoja, chupa tupu mkono mwingine. Ushahidi! Nikamweleza posa yote, tangu udi hadi Mishi kuhama chumba. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akachukua funguo za gari, tukampitia Naliaka, akatupeleka kwenye marundo ya mbolea ya msichana. Bwana Kivuva akapiga magoti na suti yake, akachota kwa mkono, akanusa. Akamwuliza Naliaka anataka kuanza na waridi au na miche ya kahawa.

Naliaka alilia. Mimi nilipata moshi wa chetezo machoni, ingawa kilikuwa kimezimika.

Jumamosi, 9 Machi
Woodley yote inajua ni nani aliyekutanisha chuo kikuu na kampuni. Nimehakikisha. Mama Peres amenikaangia kuku. Na Naliaka, moyo gani ule, ameniletea mwenzake Zedekiah, anayetafiti maji machafu ya viwanda vya ngozi. Chupa yake ya maji hayo nimeinusa. Hii kweli inanuka! Nimekwisha agiza udi mkali zaidi kutoka Mombasa, na karafuu. Mishi asijue.

Jambo moja, kwa kuwa shajara hii haisomwi na mtu. Jumatatu Naliaka hakuniulizia kwa jina. Alimwulizia Tobias. Tobias alikuwa amekwenda kula.