Vifuniko Viwili vya Mita

Jumatatu, 3 Machi
Mvua. Maji yanachuruzika hadi kwenye mita yangu ya umeme, maana kifuniko cha kisanduku chake kina ufa. Cha jirani yetu, fundi cherehani, kwenye ukuta huohuo, ni kizima kabisa. Haki iko wapi? Fundi alipotoka kununua nyuzi, nilivibadilisha. Bisibisi moja, dakika nne. Miaka thelathini na miwili ya kufundisha hesabu haikupotea bure!

Jumanne, 4 Machi
Umeme unakaribia kwisha. Binti yangu, anayetununulia kutoka mbali, alisema namba yetu anayo kwenye simu. Nikamwambia aifute. Namba ya mita haibahatishwi. Ina tarakimu kumi na moja. Si ya mtu, si ya nyumba. Ni ya mita yenyewe, kama alama ya kidole. Nikamsomea upya, moja moja, kama ilivyoandikwa kwa rangi juu ya kifuniko. Akaguna: haya, baba.

Jumatano, 5 Machi
Umeme umekatika asubuhi. Binti ametuma tarakimu ishirini za kuingiza. Nimebonyeza. Zimekataliwa. Nimebonyeza taratibu. Zimekataliwa! Mara ya tano mita ikajifunga. Mke wangu ameuliza mashine yake ya kuvutia dawa ya pumu itawaka lini. Nikamweleza jinsi mita inavyotambua namba zake. Akasema, basi anipe mapafu mengine, huyo mita.

Alhamisi, 6 Machi
Fundi amebisha hodi, ameshika waya mrefu. Amemsikia mke wangu akikohoa; tuupitishe dirishani, mashine iwake kwa umeme wake. Ujanja! Akiingia tu ataulizia kifuniko, maana kisanduku chake kimeanza kuvuja. Nilimshukuru, nikasema tunajitosheleza. Akasema, mwalimu, ninunie mimi, kifua cha mama kimekukosea nini? Nikafunga mlango. Mke wangu alisikia yote. Hakunisemesha mpaka jioni, na jioni hakuweza.

Ijumaa, 7 Machi
Hospitali. Fundi ndiye aliyembeba hadi kwenye gari. Midomo ya mke wangu ilikuwa ya kijivu.

Niliporudi kuchukua blanketi, fundi alikuwa mbele ya visanduku. Akasema, mzee, soma kwenye uso wa mita. Namba hii ya kifuniko ni yangu, niliiandika kwa mkono wangu. Akaniomba zile tarakimu ishirini, akazibonyeza kwenye mita yake. Zikakubaliwa papo hapo. Umeme wetu wote umeingia kwake! Nilijua tangu mwanzo kuwa mtu huyu si wa kuaminika. Tena saba zake zinafanana na moja.

Jumamosi, 8 Machi
Muuguzi ameomba namba ya kadi ya mgonjwa. Kadi iko nyumbani. Akasema atatafuta faili kwa jina, nisubiri kidogo. Nikamwambia hakuna haja. Namba hizi zina mpango: mbili za mwanzo ni mwaka, mbili ni wodi, zinazobaki ni zamu ya kuandikishwa. Mtu aliyesoma huzipata kwa akili. Nikamtajia. Akauliza, una hakika, mzee? Nikamjibu, nimefundisha hesabu, binti. Akaandika, akaenda kuleta dawa ya namba hiyo.

Mke wangu, barakoa ya hewa usoni, anatikisa kichwa tu. Nimemweleza kwamba kutikisa kichwa kunapoteza pumzi.